Faili gani bado hujabakapu? Maswali ninayoulizwa kila wiki na majibu yake

Mi nakaa na kompyuta ndani ya steshenari huku Kirumba, Mwanza, nachapa barua na ripoti za watu, naprinti, naunga video za harusi, jioni natengeneza laptopu. Wanaokuja kulia mbele yangu wengi sio wale ambao hawana bakapu (kopi ya akiba ya mafaili) kabisa, ni wale ambao bakapu wanayo ila faili wanalolitaka halimo. Hilo linaniuma sana kwa sababu hadi diski (hard disk ya kuchomeka, huku chini naiita hadi tu) mtu kanunua, muda katumia, ila hakujua kipi kimeingia na kipi bado. Nimeandika hapa maswali yale yale yanayojirudia. Mengi yanahusu Windows kwa sababu ndo mashine zinazoletwa kwangu.

Si nakopi tu folda yote kila mara, nina haja gani ya kujua kipi bado?

Kama folda yako ni GB 2 kopi yote, haina shida. Shida inaanza folda ikinenepa. Kuna mwalimu alikuja na folda ya GB 180, mitihani, picha za mahafali, video, na hadi yake ni ya USB 2 ambayo kwa uhalisia inatembea kama MB 30 kwa sekunde, piga hesabu hapo ni saa moja na dakika 40 hivi, na mafaili yakiwa madogo madogo mengi ndo inazidi. Katikati ya kukopi umeme ukakatika, kompyuta ikazima. Umeme uliporudi akaanza upya kwenye folda mpya, wiki nyingine hivyo hivyo. Nilipoifungua hadi yake nikakuta BAKAPU, BAKAPU MPYA, BAKAPU MPYA 2 na BAKAPU YA MWISHO, na ile ya mwisho ndo ilikuwa na mafaili machache kuliko zote maana ndo iliyokatikia njiani. Muhtasari wa kikao cha wazazi aliokuwa anautafuta ulikuwa ndani ya BAKAPU MPYA peke yake. Tulitumia siku nzima kuupata.

Kwa hiyo usihesabu bakapu kwa idadi ya folda. Swali la kujiuliza ni moja tu, kitu gani kipo kwenye mashine na hakipo kule?

Kompyuta yenyewe haijui faili lipi bado?

Inajua kiasi, na watu wengi hawajui kwamba inajua. Nenda pale sokoni Mwaloni asubuhi magunia ya dagaa yanapopangwa, mwangalie mama anayeijua kazi yake, gunia likishapimwa anachora mstari wa maka peni ubavuni, halafu hata ukimsemesha katikati ya kazi hapotezi hesabu kwa sababu hesabu haiko kichwani kwake, iko kwenye magunia. Windows ina alama kama hiyo kwenye kila faili tangu enzi za DOS (mfumo wa zamani wa kabla ya Windows), inaandikwa kwa herufi A, ila yenyewe imegeuzwa: faili likiwa jipya au ukiliedit na kuliseivu linawekewa A, maana yake "mimi bado", na programu ya bakapu ikishalikopi inaifuta. Lisilo na A limeshachukuliwa.

Naionaje hiyo A?

Fungua folda, weka muonekano wa Details, rait kliki pale juu kwenye majina ya safu, chagua More, weka tiki kwenye Attributes. Utaona safu yenye herufi. Kama folda ni nyingi fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri) uandike

dir D:\KAZI /a:a /s

itakutolea mafaili yote yenye A mpaka kwenye folda za ndani (D:\KAZI ni folda yangu ya kazi, wewe andika ya kwako). Mara ya kwanza usishtuke ukikuta karibu kila faili lina A, ni kwa sababu kukopi na kupesti kwa mkono hakuifuti hiyo alama. Inafutwa na programu inayojua kuifuta, kwa mfano xcopy, amri ya kukopi iliyomo ndani ya Windows, ukiiwekea /m inakopi yenye A halafu inaifuta, ukiiwekea /a inakopi ila inaiacha kama ilivyo.

Nina hadi mbili, moja ya ofisini moja ya nyumbani. Niitumie hiyo A?

Hapana, na naomba hapa unisikilize vizuri kwa sababu nimeona mtu makini kabisa akiumia hapa. Alama ni moja, hadi ni mbili. Jumatatu unakopi kwenda hadi ya ofisini kwa /m, A zote zinafutwa. Jioni unachomeka ya nyumbani unatoa amri ile ile, inakwambia mafaili 0, unafurahi unadhani imekamilika, kumbe hadi ya nyumbani haijapata kitu, alama ilishachukuliwa na mwenzake asubuhi. Ni kama wapimaji wawili wanachora mstari mmoja kwenye gunia moja, wa pili hawezi kujua kama ni yeye au mwenzie. A inafaa ukiwa na sehemu moja tu ya kupeleka. Zikizidi, tumia njia ya kulinganisha, nimeielezea chini.

Je nikisearch mafaili yaliyobadilika tangu Ijumaa, si yatakuwa ndo hayo?

Hii njia inatumiwa na watu wengi na ina shimo. Windows ukikopi faili kutoka kwenye flashi au memori kadi, ile tarehe ya mwisho kurekebishwa inabaki ya zamani. Mteja kakuletea leo picha alizopiga mwezi wa nne, umeziingiza kwenye mashine leo, ila tarehe yake inasema mwezi wa nne, ukisearch "tangu Ijumaa" hazitokei. Yaani faili jipya kabisa kwako linaonekana zee. Iliyobadilika ni tarehe ya kuundwa, Date created, sio Date modified, ila watu wanaangalia hii ya pili.

Halafu kuna saa ya mashine. Hizi desktop zetu za mtumba betri yake ndogo ya bodi, ile ya duara CR2032, nyingi zimeshakufa, ukizima ukutani saa inarudi miaka ya nyuma. Ukiseivu ripoti kabla hujarekebisha saa, ripoti ya leo inaandikwa tarehe ya mwaka ambao hata shule ulikuwa hujaanza. Betri ni bei ya chini sana, badilisha kabla hujaanza kuhangaika na mambo ya bakapu.

Sasa wewe unatumia njia gani?

Nalinganisha pande mbili, mashine na hadi. Sikumbuki chochote, siamini tarehe peke yake, naiuliza kompyuta itofautishe. Windows ina amri ya kukopi inaitwa robocopy ndani yake, huhitaji kudownload kitu wala kumaliza bando. Amri yangu ni hii (D ni mashine, E ni hadi)

robocopy D:\KAZI E:\KAZI /E /L /XX /NDL /FFT /R:1 /W:1

Muhimu kuliko vyote ni /L. Hiyo inasema orodhesha tu, usikopi, usifute, usiguse. Unapewa majina ya mafaili ambayo yangekopiwa, na hayo ndo mafaili yako ambayo bado. Lenye New File halipo kabisa kwenye hadi, lenye Newer lipo ila la kwenye mashine ni jipya zaidi. Lenye Older simama uliangalie, maana yake la kwenye hadi ni jipya kuliko la kwenye mashine, ama saa imekuchezea ama uliliedit ukiwa kwenye mashine nyingine, na ukiruhusu tu litakopiwa juu ya lile jipya na kazi yako imeenda. Mimi nikiona Older hata moja siendelei mpaka nimeyafungua yote mawili nikayasoma.

/E inaingia folda zote za ndani, /XX inaficha mafaili yaliyopo kwenye hadi tu, /NDL inaondoa majina ya folda orodha isijae. /R:1 na /W:1 usiziache hata siku moja. Robocopy ikikutana na faili ambalo limeshikwa na programu nyingine, bila maelekezo yako inarudia kujaribu mara milioni moja na inasubiri sekunde 30 kila mara, mtu anaona imeganda anazima mashine kwa nguvu, kumbe ilikuwa inasubiri programu yake ya mahesabu ifungwe.

Chini kabisa kuna jedwali, angalia mstari wa Files safu ya Copied, hiyo namba ndo deni lako. Ukitaka uisome kwa utulivu ongeza mwishoni > D:\BADO.txt uifungue kwa Notepad. Ukiridhika, rudia amri ile ile bila /L inakopi kweli, halafu rudisha /L uangalie tena. Namba ikiwa 0 hapo umemaliza. Kama una hadi mbili unafanya kwa kila moja, kila moja ina deni lake na haziingiliani.

Nimekopi jana, leo inaniambia tena mafaili yote bado. Kwa nini?

Angalia kwanza hadi yako imefomatiwa kwa aina gani. FAT32 inaandika muda kwa kuruka sekunde 2, wakati NTFS ya kwenye Windows inaandika kwa usahihi mkubwa zaidi, kwa hiyo faili la saa 4:10:07 kule linaandikwa 4:10:08 na kompyuta inasema haya ni tofauti. /FFT inaiambia izipuuze hizo sekunde 2, ndo maana nimeiweka.

Kama tofauti ni ya masaa kamili, tatu au mbili, hiyo ni taimu zoni. Laptopu nyingi za mtumba zinafika hapa bado ziko kwenye muda wa nchi zilikotoka. NTFS inatunza muda wa dunia halafu inauhesabu, FAT32 inatunza saa ya ukutani ilivyoonekana siku ile, sasa ukija kurekebisha taimu zoni iwe ya Afrika Mashariki, upande mmoja unasogea na mwingine unabaki. Rekebisha taimu zoni kwanza siku ya kwanza ukiinunua, kabla hujakopi hata faili moja.

Na kama ni faili moja tu linalogoma kila siku, angalia ukubwa wake. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, video ya harusi ya GB 6 haitaingia hata ukijaribu mwaka mzima. Fomati hadi iwe exFAT au NTFS, baada ya kutoa vilivyomo, tafadhali.

Kuna mtu kaniambia nitumie /MIR ndo inafanya yote.

Inafanya, pamoja na kufuta. /MIR inaifanya hadi ifanane na mashine, ulichokidiliti kwenye mashine kwa bahati mbaya inakidiliti na kule. Na ukikosea ukageuza E: na D: unajaza mashine yako vitu vya zamani na vipya vinaondoka. Usiitumie bila kutanguliza /L, ukiwa umetoa /XX inayoificha, ukasoma mistari ya EXTRA File (mafaili yaliyopo kwenye hadi tu) mmoja mmoja.

Faili limo kwenye hadi, ukubwa ni ule ule, ila halifunguki.

Umechomoa hadi kabla haijamaliza kuandika, au sehemu ya diski imeanza kufa. Jina na ukubwa havitoshi kusema limeingia salama. Kwa faili ambalo likipotea maisha yanasimama, kama tasnifu, andika

certutil -hashfile D:\KAZI\tasnifu.docx SHA256

halafu rudia kwa lile la E:. Inatoa mstari mrefu wa herufi na namba, ikifanana yote hayo mafaili ni mamoja mpaka nukta ya mwisho. Kuna dada wa pale chuoni Nyegezi wiki ya kukusanya kazi alikuja ameshika flashi kwenye kiganja amekifumba kama ameshika chenji ya daladala, tulilinganisha sura tano, nne zikafanana, ya nne kwa mpangilio ikakataa. Laptopu yake ilikuwa bado nzima, tukaikopi upya pale pale. Angegundua baada ya laptopu kufa ingekuwa habari nyingine.

Kwa mafaili ya kawaida fungua matatu au manne kutoka kwenye hadi yenyewe, sio kutoka kwenye mashine, ukaone yanafunguka.

Flashi imekuwa shortcut tupu, je bakapu imepotea?

Mara nyingi haijapotea, vairasi imeyaficha mafaili. Usikliki hizo shortcut. Andika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* (F ni herufi ya flashi yako), mafaili yatatokea, kisha scan kwa antivairasi. Ila usihesabu flashi inayozunguka steshenari kumi kuwa ni bakapu. Hiyo ni ya kubebea tu.

Mi ni mpiga picha, nina memori kadi nane. Nitajuaje ipi tayari?

Nina rafiki anapiga harusi na ubatizo, ana kopo la pipi la bati. Kadi ambayo haijakopiwa inakaa uso juu, maandishi yanaonekana. Ikishakopiwa kwenye laptopu bado inakaa uso juu. Ikishaingia laptopu NA hadi, na amefungua picha ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, hapo anaigeuza uso chini. Ni kadi za uso chini peke yake zinazoruhusiwa kufomatiwa, na anaifomatia ndani ya kamera siku ya kazi nyingine, sio usiku ule ule akiwa amechoka. Kopo likianguka anahesabu zote kuwa bado, anaanza kulinganisha upya. Naupenda huu utaratibu kuliko programu nyingi nilizoziona, maana hata kijana wake wa kushika taa anaweza kuuendesha.

Niko na Google Drive na OneDrive, si inatosha?

Inasaidia, ila soma alama zake. OneDrive mishale inayozunguka maana yake bado inapanda, tiki ya kijani maana yake imefika na kwenye mashine ipo, wingu la bluu maana yake iko mtandaoni tu, kwenye mashine haipo. Watu wanaona jina la faili wanadhani wanalo, wanaenda kijijini Sengerema bila mtandao halifunguki. Pia ukiwa kwenye hotspoti ya simu iliyowekwa kama metered (mtandao wa kubania bando) inaweza kujisimamisha ili isile bando, na mafaili ya wiki nzima yanabaki na mishale, bonyeza kile kiwingu pale chini ilipokaa saa ukaone.

Google inatoa GB 15 za bure kwa pamoja, yaani Gmail, Drive na picha vyote humo humo, ikijaa hakuna kipya kinachoingia na ujumbe wake unapuuzwa kirahisi. Na hivi ni vitu vya kulandanisha, ukidiliti huku, na kule kinaondoka, Drive inakutunzia kwenye takataka siku 30 tu.

Kuna haja ya kopi kukaa mbali?

Ndiyo. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndo aliyeueneza utaratibu wa 3-2-1: kopi tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae sehemu nyingine. Sisi wa huku ziwani tuna sababu zetu, radi za usiku zinapopiga kila kilichochomekwa ukutani kiko hatarini, hadi ikiwa imechomekwa kwenye mashine vinaondoka pamoja. Chomoa ukimaliza. Na mwizi akiingia habebi laptopu akaiacha hadi diski.

Ya kwangu ya mbali iko Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa dada yangu, inapanda meli mara moja kwa miezi miwili mitatu. Sasa kujua hadi iliyo Ukerewe inakosa nini wakati huioni, hapo ndo kazi. Nilichofanya nimegawa kazi kwa folda za mwezi, 2025-01, 2025-02, namna hiyo, mwaka ukitangulia zinajipanga zenyewe. Mwezi ukiisha folda inafungwa, siiongezi wala siiedit, marekebisho yanaingia mwezi mpya. Kwa hiyo sihitaji kukumbuka mafaili elfu, nakumbuka miezi tu. Kabla hadi haijapanda meli naandika dir E:\ /s > D:\ILIYOKO_NANSIO.txt nabaki na orodha ya kila kilichoondoka.

Na nina kaunta buku. Mstari kwa kila mwezi, safu tatu, HADI NYEUSI, NANSIO, MTANDAO. Nikikopi na kukagua napiga tiki na tarehe kwa kalamu, nikikopi bila kukagua naweka nukta tu. Nukta sio tiki. Nikifungua ukurasa naona nafasi wazi iko wapi bila kuwasha hata mashine.

Mi natumia Linux.

rsync -avn /home/wewe/kazi/ /media/wewe/hadi/kazi/ na hiyo n ndo inayofanya iorodheshe tu bila kukopi. Usisahau ule mkwaju (/) wa mwisho baada ya kazi upande wa kwanza, ukiusahau itatengeneza folda ya kazi ndani ya kazi na utaambiwa kila kitu bado.

Nifanye mara ngapi?

Jiulize kazi ya siku ngapi uko tayari kuirudia kwa mkono. Steshenari yangu ni siku moja, kwa hiyo kila jioni kabla ya kufunga. Mama anayeandika mauzo ya dagaa kwenye Excel mara moja kwa wiki, Jumamosi inamtosha.

Naweza kukuletea mashine unisetie?

Karibu, mchana kabla ya saa 10 foleni ni ndogo. Njoo na chaja, na hadi yenyewe, na pasiwedi uwe unaikumbuka. Ila kabla hujaja kaa chini uandike kwenye karatasi folda ambazo kweli ni za kazi ziko wapi, Desktop, Documents, Downloads, maana hapo mimi siwezi kukusaidia, mashine itanionyesha mafaili elfu kumi na moja na haitaniambia kwamba ile picha ya marehemu baba uliyotumiwa kwa WhatsApp iko Downloads kwa jina la namba tupu.